Samaki Wawili wa Bati

Jioni, mlango mkubwa wa soko haukuwa na adabu. Wanaoingia waliingia kwa mabega, wanaotoka walitoka kwa vikapu, na aliyesimama kufunga kamba ya kiatu alijuta. Pembeni mwa mlango huo, chini ya ngazi, palikuwa na kibanda cha kuchonga funguo, chembamba kiasi kwamba mwenyewe akitaka kugeuka ilimbidi kwanza akunje viwiko. Watu walimwita Funguo. Alikuwa mwanamume wa makamo, mrefu, aliyefunga shati lake la kijivu mpaka kifungo cha shingo, na vumbi la shaba lilikuwa limemkaa kwenye nyusi kama poda.

Jioni moja mwanamke alisimama kwenye foleni yake bila ufunguo wa kuchongesha. Alivaa gauni la buluu la kazini, viatu vya raba, na kitambaa cheupe kichwani kilichonyooka kuliko kitu kingine chochote pale mlangoni. Alinukia sabuni na mvuke. Zamu yake ilipofika, aliweka mezani kipande kidogo cha fedha chenye miguu miguu, akakitazama kana kwamba naye ndiyo kwanza anakiona.

"Naomba unibanie hiki kwenye jiliwa lako, fundi. Kidogo tu. Nikifika nacho darasani hivi kilivyo, nitaaibika."

Funguo alikiinua kwenye mwanga wa taa. "Buibui?"

"Kaa."

"Basi huyu kaa amegongwa na gari."

Mwanamke alikuwa amechoka mno hata asiweze kukasirika. Akacheka, na kicheko chenyewe kilimtoka polepole, kwa sauti ya chini, kama mtu anayetua mzigo. Watu wa nyuma waliguna. Funguo akawaambia kuna mgonjwa mahututi mezani, wavumilie, kisha akambana kaa yule kwenye jiliwa na kumpa mwenyewe tupa nyembamba. Akamtazama akisugua mbele na nyuma kwa nguvu zote, kama anayesugua sakafu ya jikoni.

"Samahani, dada. Tupa inakata ikienda. Ikirudi haikati, inajichosha bure. Isukume, iinue, uirudishe hewani. Hapo mkono wako unafanya kazi mara mbili."

"Mimi mzima nafanya kazi mara mbili," alisema, lakini akafanya alivyoambiwa, na makucha ya kaa yakaanza kupata sura.

Hivyo ndivyo walivyojuana. Mwanamke alifanya kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali kubwa, upande wa kupiga pasi, na wenzake walimwita Pasi. Kutwa nzima shuka zilimpitia mikononi, nyeupe, za moto, zisizo na mwisho. Alimweleza Funguo siku nyingine kwa nini amejiandikisha darasa la jioni la kutengeneza mapambo, katika umri ambao wenzake wanajiandikisha kupumzika. Shuka akiinyoosha leo, alisema, kesho inarudi imekunjamana. Alitaka kabla hajazeeka atengeneze kitu kimoja ambacho hakirudi.

Darasa lilikuwa katika ukumbi wa shule ya msingi, juu ya madawati mafupi yaliyowaumiza wote magoti. Mwalimu alikuwa mwanamke mnene aliyestaafu usonara, mwenye miwani machoni na nyingine kichwani, na wote walimwita Bi Sonara. Alikuwa na utaratibu wake. Kila mwanafunzi alipata tonge moja la fedha, na hilo ndilo alilokaa nalo tangu mwanzo hadi mwisho. Masomo yalikuwa nyota kumi na mbili za falaki, kwa sababu kila moja ina shida yake: Mizani inafundisha kuunganisha, Mshale unafundisha kunyoosha, Ndoo inafundisha kukunja, na Nge, kwa ajili ya ule mkia, aliachwa mpaka mwisho. Somo likiisha, Bi Sonara alikagua kazi, akasifu au akaguna, kisha kazi yenyewe ikarudi motoni, ikayeyuka, ikawa tonge tena kwa ajili ya nyota inayofuata. Mtu aliondoka na Nge wake tu. Hakuna aliyeruhusiwa kukipenda kitu kabla ya hapo.

Dada mkubwa wa Pasi, aliyeishi naye katika vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha magodoro, hakulipenda darasa lile. Alisema nyota ni mambo ya wapiga ramli, na mtu anayesali asubuhi na jioni hana la kuzungumza na Nge. Pasi alilipeleka neno hilo kwa Bi Sonara, akajibiwa kwamba Bi Sonara hajui nyota ya mtu yeyote, hata yake mwenyewe, na kwamba darasa lile halitabiri chochote ila vidole vilivyoungua. Bado Pasi hakutulia. Akapiga magoti kando ya kitanda, akamwomba Mungu amsamehe kama ni dhambi, na kama si dhambi basi amsaidie kwenye kulehemu, maana hapo ndipo anaposhindwa. Alilala kabla hajasema amina.

Ikawa desturi. Akitoka kazini, kabla ya darasa, alipita mlango wa soko, na Funguo alimwachia nafasi ya kiwiko kwenye meza yake. Kila nyota ilipita mikononi mwa Funguo na hakuna iliyotoka salama. Kondoo alikuwa wingu. Ng'ombe alikuwa na pembe moja ya kwake na moja ya kuazima. Mapacha, alisema, hawa si ndugu, hawa wamekutana stendi. Pasi alimwambia anyamaze achonge funguo zake, na yeye alinyamaza, na ukimya wake ulikuwa mzuri kukaa ndani yake, maana mashine ilikuwa inalia na shaba ilikuwa inameta, na hakuna aliyemdai maneno.

Mchana simu ilimkuta kwenye benchi la nje ya chumba cha kufulia, kiatu kimoja kimevuliwa.

"Umekula, Pasi wangu?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Mvuke."

"Mimi nimekula shaba. Simba amepita?"

"Amekataliwa. Mwalimu anasema ana uso wa paka aliyenyimwa maziwa."

"Mlete jioni nimpe pole. Na wewe uje. Nimekuwekea kigoda."

Hakuwa ameona kigoda kikiingia pale kwenye kibanda, wala hakujua kingekaa wapi. Jioni alikikuta, kifupi, cha mbao, kimesukumwa chini ya meza, na Funguo sasa hakuweza kabisa kugeuka.

Hawakuwa watoto. Funguo aliwahi kuoa, na yeye na mkewe waliachana zamani bila kelele, kama watu wanaoshuka vituo tofauti. Pasi aliwahi kuchumbiwa, na uchumba ule ulikufa kwa uchovu. Kwa hiyo hakuna aliyelitaja jambo lenyewe. Lakini Funguo alianza kuosha nyusi zake kabla ya jioni, na Pasi alinunua hereni ndogo za buluu zinazopatana na gauni la kazini, na dada yake alipoziona alisema hizo si za kupigia pasi.

Juu ya mashine ya Funguo, kwenye msumari, kilining'inia kidani. Kilikuwa na samaki wawili waliolala sambamba, wamefungwa kamba moja. Siku moja ile pete ndogo ya kukining'iniza ilikatika na samaki wakaanguka kwenye vumbi la shaba. Funguo aliwaokota, akawafuta kwa shati, kitu ambacho hakuwahi kukifanyia shati lile.

Alisema kilikuwa cha mama yake. Baba yake, ambaye naye alikuwa fundi wa kufuli, alimpa mama walipokuwa bado wanatafutana, kwa sababu mama alisikia redioni kwamba nyota yake ni Samaki na akaishika habari hiyo. Alikivaa mpaka alipofariki. Kilikuwa cha fedha, alisema, kisha akawafuta tena samaki kama mtu anayetaka kuongeza kitu, na hakuongeza.

"Kipeleke kwa sonara wa kweli," alisema Pasi. "Mimi bado najifunza."

"Sitaki sonara. Nataka mkono wako."

Pasi alikifunga kwenye leso yake na kukibeba kifuani mpaka darasani.

Siku hiyo alikuwa amesimama tangu alfajiri. Mashine moja ya kukamulia ilikuwa imeharibika na shuka zilikuja zikiwa nzito kwa maji. Darasani, Bi Sonara alikuwa upande wa pili akimpulizia mtu kidole kilichoungua. Somo la kwanza kabisa walilofundishwa lilikuwa kupima: usipeleke kitu motoni kabla hujakisugua kwenye jiwe la kupimia na kukijua ni nini. Pasi alilikumbuka jiwe. Lilikuwa kabatini, upande ule mwingine wa ukumbi, na miguu ilimwambia hapana. Zaidi ya hapo, kupima neno la mtu anayempenda kulimjia kama utovu wa adabu. Akakiweka kidani juu ya tofali, akapanga pete mpya mahali pake, akawasha kichomeo na kuuzungusha mwali kama alivyofundishwa.

Fedha ikipata moto wa kutosha huwa nyekundu, wekundu hafifu, na hapo lehemu hutiririka. Alisubiri wekundu. Wekundu haukuja. Samaki waling'aa ghafla, kama waliotoka majini sasa hivi, kisha mikia ikalegea, vichwa vikaingiana, na kabla hajaondoa mkono, juu ya tofali palikuwa na tone moja nene la mviringo, linalotetemeka.

Hakupiga kelele. Alizima gesi. Alikaa pale, mikono mapajani, mpaka Bi Sonara akaja kwa sababu ya ule ukimya.

Bi Sonara alibonyeza tone lile kwa ncha ya kisu lilipopoa, na ncha ikazama. "Hii haikuwa fedha, mwanangu. Ni bati. La kijiko, nadhani."

"Aliniambia ni fedha. Mama yake alivaa maisha yake yote akijua ni fedha."

"Hukupima?"

Pasi alitikisa kichwa.

Bi Sonara aliteremsha miwani ya kichwani, akaivaa juu ya ile nyingine, akalitazama tone tena kana kwamba linaweza kubadilisha nia. "Nenda kamwambie kesho. Kesho ni rahisi kuliko keshokutwa."

Alisema atamwambia. Usiku kucha, kitandani, maneno yalikataa kukaa katika mstari. Kumwambia nimeyeyusha kidani cha mama yako lilikuwa gumu, lakini mtu anaweza kulisema akiangalia chini. Kumwambia kwa nini kiliyeyuka lilikuwa lingine kabisa. Lilikuwa kumwambia kwamba baba yake alimdanganya mama yake siku ya kwanza na hakuwahi kurekebisha. Pasi alijiambia atanyamaza kwa huruma. Sehemu ya hilo ilikuwa kweli.

Akachukua tonge lake la fedha, lile lililokuwa kaa na kondoo na mapacha na simba aliyenyimwa maziwa, akaanza kutengeneza samaki. Bi Sonara alimkumbusha kwamba fedha ni yake, lakini ikitoka darasani kama samaki na isirudi, hakutakuwa na Nge, na bila Nge hahitimu. Pasi alisema anajua. Alifanya kazi jioni baada ya jioni, akisukuma tupa na kuiinua, akisukuma na kuiinua, macho yakimwasha. Aliwakata samaki kama alivyofundishwa kwamba nyota ya Samaki hukaa. Walitoka wazuri kuliko kitu chochote alichowahi kutengeneza, na walikuwa wapya mno. Basi akafanya kama wanafunzi walivyoonyeshwa: akawafungia ndani ya mfuko pamoja na yai la kuchemsha lililopondwa, fedha ikakaa humo na harufu ya yai, ikawa nyeusi nyeusi kama ya zamani. Dada yake alitafuta yai lake la asubuhi na akaambiwa limepotea. Dada alimtazama kwa muda, akasema katika nyumba ile mayai hayajawahi kupotea.

Kabla ya kukipeleka alipiga magoti. Hakujua aombe nini. Mtu hawezi kumwomba Mungu amsaidie kudanganya vizuri. Akainuka bila kusema kitu, na magoti yalimuuma zaidi kuliko siku zote.

Funguo alikipokea kidani kwenye kiganja. Mikono ya mchonga funguo ni mizani. Kiganja chake kilishuka kidogo.

"Kimekuwa kizito," alisema.

"Ni lehemu."

"Lehemu." Alikigeuza kwenye mwanga, akakinusa bila kutaka, akakigeuza tena. Mama yake alikuwa na samaki wanaoangalia upande mmoja, wote wawili, kushoto, kama watu wanaosubiri basi moja. Hawa waliangalia pande mbili, kila mmoja na njia yake, kamba katikati. Funguo aliishi kwa nakala. Alijua nakala iliyochongwa kutoka kwa ufunguo wenyewe, na alijua ile iliyochongwa na mtu anayekumbuka tu. Alikirudisha kwenye msumari taratibu. "Asante, Pasi."

Alisema Pasi. Hakusema Pasi wangu. Mwanamke alisikia pengo lile lote, akalibeba mpaka darasani, ambako siku hizo alikaa akiwatazama wenzake wakitengeneza Nge.

Funguo naye alibaki na lake. Hakuamini kwamba kidani kimepotea. Aliamini jambo baya zaidi: kwamba Pasi, au yule mwalimu wake mwenye miwani mbili, amegundua kwamba samaki ni wa bati, amewatupa kwenye takataka, na akamtengenezea wa fedha kwa kumhurumia, akawapaka uzee wa bandia ili maskini asijue amehurumiwa. Aliwaona kwa macho ya moyo wakicheka darasani. Hakuwa mtu wa kugombana. Alisubiri aambiwe. Kila jioni aliposubiri na asiambiwe, kitu kilizidi kukaza ndani yake, kama kufuli linalotiwa ufunguo usio wake.

Simu za mchana zikawa fupi.

"Umekula?"

"Nimekula. Na wewe?"

"Nimekula. Kazi nyingi?"

"Kama kawaida. Kwako?"

"Kama kawaida."

Mara nyingine aliyepiga na aliyepigiwa walikaa wakisikilizana wakipumua, kila mmoja akidhani mwenzake anatafuta namna ya kuaga. Kisha Pasi akaanza kupita njia ya nyuma ya soko, pale penye mapipa ya samaki, ili asikione kigoda. Alijiambia Funguo amemchoka, na ana haki; nani anataka mwanamke anayelala katikati ya sentensi. Dada yake alimuuliza zile hereni za buluu ziko wapi. Alijibu zinamwasha masikio.

Tone la bati lilikuwa mfukoni mwa aproni yake muda wote huo. Hakuweza kulitupa, na nyumbani hakutaka liokotwe. Kisha alichoka kiasi cha kusahau, na aproni ikaingia mashineni pamoja na shuka. Alilisikia asubuhi moja, mwisho wa zamu ya usiku aliyohamishiwa darasa lilipoisha, likigonga ndani ya ngoma ya mashine, ko, ko, ko, likizunguka na nguo za wagonjwa. Alisimamisha mashine na kuingiza mkono mpaka begani. Lilitoka likiwa na joto, safi, linang'aa kuliko alivyowahi kuliona.

Aliegemea rundo la shuka. Wengine walikuwa wamekwenda kubadilisha nguo.

"Mungu wangu," alisema, kwa sauti, kama anayezungumza na mtu wa chumba cha pili, "nimechoka kuficha kuliko ninavyochoka kupiga pasi. Sikuombi anisamehe. Nipe tu miguu ya kufika."

Alipiga simu akiwa bado na sabuni mkononi.

"Uko dukani?"

"Niko wapi tena."

"Usiondoke."

Asubuhi mlango wa soko ulikuwa na watu wengine, wenye mikokoteni na magunia, na jua lilikuwa limeingia mpaka chini ya ngazi. Funguo alikuwa na wateja. Pasi hakusimama foleni. Alipita pembeni, gauni limekunjamana, kitambaa cha kichwa kimelegea kwa mara ya kwanza tangu ajuane naye, akaliweka tone la bati juu ya meza mbele yake.

"Huyo ndiye mama yako," alisema. "Samahani, sisemi vizuri. Hicho ndicho kidani. Mimi ndiye niliyekiyeyusha. Nilikipeleka motoni bila kukipima kwa sababu nilikuwa nimechoka na kwa sababu ni wewe uliyeniambia ni fedha. Hakikuwa fedha. Ni bati. Niliogopa kukwambia baba yako alimpa mama yako bati, basi nikatengeneza kingine. Sasa nimekwambia yote mawili. Nichukie kwa lile utakalo."

Mteja aliyekuwa mbele alirudi nyuma hatua moja kwa heshima, lakini hakuondoka.

Funguo alizima mashine. Alilichukua tone na kulipima kiganjani, na kiganja hakikushuka.

"Hukukitupa," alisema.

"Ningekitupaje?"

"Nilidhani ulikiona ni bati ukakitupa. Ukanionea huruma, ukaniletea fedha." Alilizungusha tone kwa kidole gumba. "Nilijua ni bati, Pasi. Nimejua tangu utotoni. Baba alikikata kwenye kijiko cha supu, na samaki wakaangalia upande mmoja kwa sababu hajawahi kuona nyota ya Samaki ilivyo."

"Na mama yako?"

"Mama yangu aliuza masufuria na vikombe vya bati maisha yake yote. Wewe unadhani angedanganywa na kijiko? Alikiuma kwa jino mbele ya baba, akacheka, akakivaa. Akawa anakiita fedha yangu. Fedha yangu iko wapi, nipeni fedha yangu. Ndivyo kilivyoitwa nyumbani. Baba akisikia, anatembea kama ametajirika."

Pasi alishika ukingo wa meza. "Mbona hukuniambia? Ningejua ni bati nisingekitia moto ule."

Funguo alitazama nyusi za mteja badala ya kumtazama yeye. "Niliona aibu. Unakwenda kwa mwalimu, watu wameketi na fedha zao, mimi nakupa kijiko. Nikataka nionekane nami nimezaliwa na kitu." Akavuta pumzi. "Basi kimeyeyuka kwa aibu yangu na uchovu wako. Tugawane."

"Na Nge sikumtengeneza," alisema Pasi, na hilo ndilo lililomtoa machozi, jambo dogo kuliko yote. "Fedha yangu yote iko pale kwenye msumari wako. Wenzangu wamehitimu."

Funguo alikivuta kigoda kutoka chini ya meza kwa mguu. Kilikuwa bado pale, na juu yake palikuwa na vumbi jembamba la shaba. Alilifuta kwa kiganja. Pasi aliketi kama mtu aliyekatwa kamba.

Funguo aliweka tone la bati kwenye jiliwa, akalitoboa tundu dogo, akalitia kwenye uzi na kulining'iniza kwenye msumari. Hakulichonga samaki. Kisha akakitwaa kidani cha fedha na kukiweka shingoni mwa Pasi kwa mkufu aliokuwa nao kwenye droo, mkufu wa kawaida wa kuning'iniza funguo.

"Hawa nimewachukia muda mrefu kwa sababu wanaangalia pande mbili," alisema. "Sasa naona ni sisi. Wewe unatoka zamu, mimi ndiyo naingia. Tukingoja tuangalie upande mmoja, tutazeeka. Bora kamba ipo."

Akaingiza mkono mfukoni mwa shati, akatoa ufunguo. Haukuwa mpya. Meno yake yalikuwa yamelainika na kichwa kimebadilika rangi kwa kushikwa.

"Wa chumba changu. Ni huu wenyewe. Nakala ninayo mimi. Nataka uingie kwa ufunguo wa kweli, na nije kwa dada yako nikiwa nimeosha nyusi, nikuombe kama watu wanavyoombwa. Utakubali?"

Pasi aliutazama ufunguo. Macho yalikuwa yakimfumba yenyewe. "Nimesimama tangu jana jioni," alisema. "Naomba kwanza nilale kidogo hapa, nikiamka nikubali."

"Lala."

"Usinitoroke."

"Nitapitia wapi? Umeziba mlango."

Aliuchukua ufunguo, akaufumbata, akaweka paji la uso juu ya mkono wake kwenye ukingo wa meza. Alianza kumshukuru Mungu na hakufika mwisho wa sentensi. Funguo hakuwasha mashine. Alichukua tupa, akaanza kumalizia kwa mkono kazi iliyobaki, akisukuma na kuinua, akisukuma na kuinua, na foleni ikanyamaza bila kuambiwa.

Mteja wa mbele aliinama, akanong'ona kuuliza kama ule ufunguo ulio mkononi mwa yule mama ndio wake aliouacha jana.

"Hapana," alisema Funguo. "Ule una mwenyewe. Wako ni huu."